Java haioni maktaba ya C: "no rxtxSerial in java.library.path" (mizani ya malori, Lubumbashi)

#1 mizani_lshi
Bandugu, jambo.

Niko Lubumbashi, nashughulikia kompyuta za depo moja upande wa barabara ya Likasi. Lori la madini likipanda mizani, kichwa cha mizani kinatuma uzito kwa waya wa RS-232 na programu ya Java inaupokea, inachapa karatasi ya dereva. Aliyeiandika alishahamia Kolwezi, msimbo hatuna, tumebaki na .jar (programu iliyokwisha kufungwa) peke yake.

Kompyuta ya zamani ilikuwa na Windows 7. Umeme ulikatika, uliporudi ukarudi na hasira, ikaungua. Mpya nimeitia Ubuntu 22.04 na Java 17. Nikapakua librxtxSerial.so (maktaba ya C ya RXTX, inayoiwezesha Java kusoma poti ya waya huo), nikaiweka folda moja na .jar. Nikiwasha:

`java.lang.UnsatisfiedLinkError: no rxtxSerial in java.library.path ...`

Faili ninaiona, ls inaionyesha. Java inasema hakuna. Malori yamepanga mstari na karani anaandika uzito kwenye daftari. Nani anadanganya hapa?

#2 fundi_ndosho
Jambo. Kwenye Linux, Java haitafuti katika folda ya .jar. Windows ndiyo inayochukua PATH nzima pamoja na folda uliyosimama, njo maana ile ya zamani ilikubali bila maneno. Jaribu:

`java -Djava.library.path=/opt/mizani -jar mizani.jar`

Hiyo -D itangulie -jar. Ukiiweka nyuma inapewa programu, Java yenyewe haiijui.

#3 kadutu_boy
Maneno mengi ya nini? `sudo cp librxtxSerial.so /usr/lib/` kisha ulale.

#4 mama_seva
@kadutu_boy ni wewe unayetuachia mafaili yatima ndani ya /usr/lib, halafu apt (msakinishaji wa pakiti wa Ubuntu) ikileta toleo lake tunakesha kutafuta ni lipi linalofunguliwa.

@mizani_lshi kabla hujanakili kitu popote, umeipakua wapi? Na utoe jibu la `file librxtxSerial.so`. Mimi nanusa faili ya biti 32 kwenye mashine ya biti 64.

#5 kijana_unilu
Angalia na jina. Programu inaita "rxtxSerial" tu, Java ndiyo inayoongeza mapambo: Linux inakuwa librxtxSerial.so, Windows rxtxSerial.dll, Mac librxtxSerial.dylib. Linux haisamehe herufi kubwa na ndogo. Nimeshaona mtu amebadilisha jina liwe rxtxSerial.so "ili lifanane na kosa", akajichimbia shimo.

#6 yaya_ruashi
Mama_seva, kwa heshima, sikubaliani. Faili ingekuwa ya biti 32 Java ingeifikia, ingejaribu kuifungua, ikalalamika kwa maneno mengine kabisa. Watu wanaona UnsatisfiedLinkError wanafunga macho, kumbe maneno yanayofuata ndiyo yenye kesi.

Ikiandika "no fulani in java.library.path", maana yake imepita folda zote za orodha yake na haikuona faili la jina hilo. Haijafungua chochote. Unamtafuta mtu komini ya Kenya wakati yeye anakaa komini ya Katuba. Kama ni mgonjwa au mzima, bado hujajua.

Ikitaja njia kamili ya faili kisha malalamiko nyuma yake, faili imeonekana ila imeshindikana kufunguka. Hapo ndipo zinapoingia biti 32, prosesa tofauti, au maktaba nyingine ambayo hii inaitegemea na haipo. Linux angalau inakutajia jina la inayokosekana, na `ldd` inaiandikia "not found". Windows inakwambia tu "Can't find dependent libraries", bila kusema ni ipi. Watu wanahangaika na DLL (maktaba ya Windows) waliyonayo mkononi wakati inayokosekana ni VCRUNTIME140.dll ya Microsoft.

Ya mwisho inataja jina la mbinu ya Java, kitu kama `'int Mizani.somaUzito()'`. Hapo maktaba imefunguka vizuri, ila kazi yenye jina hilo haimo. Upande wa C inatakiwa kuitwa Java_Mizani_somaUzito, na kama darasa liko ndani ya pakiti, jina la pakiti nalo linaingia. Ukihamisha darasa pakiti nyingine bila kukompaili upya upande wa C, imekufa. Ukiandika kwa C++ bila `extern "C"` na bila kutumia faili la vichwa la `javac -h`, kompaila inalisokota jina na Java hailijui tena. `nm -D` inakuonyesha yaliyomo.

Sasa @mizani_lshi, ule mstari umeukata. Java 17 inaandika orodha ya folda ilizopita, iko baada ya nukta mbili. Ilete yote.

#7 kijana_unilu
Yaya, hapo kwenye jina ongeza mstari wa chini. Mbinu ikiitwa soma_uzito, upande wa C unaandika soma_1uzito. Hilo limekula watu.

#8 mizani_lshi
Asanti wote. Mstari kamili:

`no rxtxSerial in java.library.path: /usr/java/packages/lib:/usr/lib64:/lib64:/lib:/usr/lib`

Nimefuata ya fundi (#2), kosa likabadilika: sasa inataja /opt/mizani/librxtxSerial.so kisha "wrong ELF class: ELFCLASS32". Niliipata kwenye zip ya RXTX. Ndani mlikuwa na folda kadhaa za Linux, nikachukua ya juu.

#9 mama_seva
Kwa heshima, yaya. 😀

#10 yaya_ruashi
Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa njia, huu wa pili ni wa biti. La mbele lilikuwa limelifunika la nyuma. Ungemletea ya biti 64 bila kugusa njia, angebaki palepale.

#11 kadutu_boy
Nani anaona /usr/lib mwishoni mwa orodha ya #8? Nani alisema /usr/lib? Nasubiri soda yangu.

#12 mama_seva
Kadutu, ungenakili ile ile ya biti 32 ungefika kwenye ELFCLASS32 vilevile. Soda yako haijafunguliwa.

Ila hiyo orodha inanisumbua kwa sababu nyingine. /usr/lib/jni haimo. Java inayotoka kwa apt ya Ubuntu au Debian ina /usr/lib/jni katika orodha yake, maana ndiko pakiti zao zinakoweka maktaba za namna hii. Java ya kupakua na kufungua mwenyewe haina. Kwa hiyo @mizani_lshi ukifanya `apt install librxtx-java` utapata maktaba ya biti 64 iliyo sawa, itakaa /usr/lib/jni, na Java yako bado itaapa kwamba haipo. Toa `readlink -f $(which java)`.

#13 mizani_lshi
/opt/jdk-17/bin/java. Ilikuja kwa flashi ya mwenzangu, mega za kupakua kwenye mtandao ni bei.

#14 fundi_ndosho
Njo tunavyoishi wote. Huku Goma flashi moja ya JDK inazunguka kutoka Himbi mpaka Ndosho, haijulikani nani aliileta kwanza. Ukipata mtandao mzuri mahali, tumia Ubuntu ya toleo lilelile, fanya `apt-get install --download-only openjdk-17-jre librxtx-java`, chukua .deb zote kutoka /var/cache/apt/archives, urudi nazo. Na mashine hiyo isiwe tayari na hizo pakiti, la sivyo utarudi na nusu.

#15 nyoka_wa_himbi
Mnateseka bure. Python, pyserial, mistari kumi, uzito uko kwenye skrini. Hakuna JNI (daraja la Java na C), hakuna .so, hakuna mama_seva kukufokea.

#16 yaya_ruashi
Nyoka, pyserial inazungumza na poti kwa miujiza? Kwenye Linux inatumia termios, ambayo ni moduli ya C ndani ya Python yenyewe. Kwenye Windows inaita kernel32, maktaba ya Windows yenyewe, kwa ctypes (njia ya Python ya kuita C). Tofauti ni kwamba hivyo vyote vimeshakuja na mashine au na Python. Siku utakapoita DLL ya mtu wa nje utakutana na sisi hapa hapa.

Na uzito kwenye skrini si kazi yote. Nani ataandika upya karatasi za dereva, ripoti za mwezi, na ile hesabu ya kutoa uzito wa lori tupu?

#17 mgeni_goma
Jambo wakubwa. Hiyo "siku utakapoita DLL ya mtu wa nje" kwangu imeshafika. Kisomaji cha alama za vidole, shule fulani, Windows 10. DLL iko folda moja na programu ya Python, nami napata:

`FileNotFoundError: Could not find module 'xyz.dll' (or one of its dependencies)`

Programu hiyohiyo kwenye laptopu yangu ya zamani inakwenda.

#18 nyoka_wa_himbi
Laptopu ya zamani ina Python gani? Kuanzia 3.8, Python ya Windows haitumii tena PATH kutafuta DLL za ctypes. Ongeza `os.add_dll_directory(r"C:\kisomaji")` kabla ya kuita, na upe njia kamili ya faili.

#19 mama_seva
Au inayokosekana ni ile ya kwenye mabano, tegemezi. Laptopu yako ya zamani ilishawekewa programu nyingi, bila shaka runtime za Visual C++ zimo. Ya shule ni mpya, tupu.

#20 kijana_unilu
Au Python ni ya biti 64 na DLL ni ya biti 32. Ingawa hapo ningetarajia "not a valid Win32 application".

#21 kadutu_boy
Au antivirusi imeila DLL. Fungua sehemu ya karantini uone. Mimi kila kosa la Windows naanzia huko na mara nyingi nasalimika.

#22 mgeni_goma
Laptopu ni 3.7, ya shule ni 3.11. Kesho napita na hayo yote.

#23 seva_ya_nguba
Nichomeke na yangu, mnisamehe kuingilia uzi. Mimi naita Java kutoka Python kwa JPype, tunatoa ripoti kwa maktaba ya zamani ya Java. Ilikuwa ikiniambia haioni libjvm.so (kiini cha Java chenyewe) na faili iko. Kwenye Java 8 libjvm.so inakaa jre/lib/amd64/server, kuanzia Java 9 ni lib/server. Mtu alikuwa ameandika njia ya Java 8 kwa mkono ndani ya programu. Niliifuta, nikaweka JAVA_HOME inayoelekea Java ya sasa, JPype ikatafuta yenyewe.

Kuna na ya glibc (maktaba ya msingi ya C ya Linux). Maktaba ya C niliyokompaili kwenye Ubuntu 22.04 ilikataa kwenye seva ya 20.04: "version `GLIBC_2.34' not found". 20.04 ina glibc 2.31, 22.04 ina 2.35. Toleo la 2.34 liliingiza libpthread na libdl ndani ya libc yenyewe, kwa hiyo hata programu ndogo ikitumia nyuzi inadai 2.34. Dawa ni kukompaili kwenye mfumo wa zamani kuliko yote utakayoitumikia. Usijaribu kubadilisha glibc ya seva, utapoteza hata ls.

#24 yaya_ruashi
@seva_ya_nguba hiyo ya mwisho iandikwe kwa rangi nyekundu. Na wanaopenda Alpine (Linux ndogo) ndani ya kontena wajue kule hakuna glibc, kuna musl. Utaambiwa ld-linux-x86-64.so.2 haipo, utafikiri mashine imeharibika.

#25 mizani_lshi
Nimerudi. Nimepata .deb, nimeweka Java ya Ubuntu na librxtx-java. Kwenye teminali maktaba inafunguka! Ila: (a) inatoa onyo kwamba toleo la jar na la maktaba ya C hayalingani, (b) inaleta NoSuchPortException, (c) ikiwashwa na systemd mashine inapoamka, inarudia kosa la mwanzo lilelile, no rxtxSerial.

#26 fundi_ndosho
(b) ni rahisi: ndani ya faili la mipangilio mmeacha COM3. Linux ni /dev/ttyUSB0, au ttyACM0 kutegemea adapta. RXTX haiangalii majina yote. Ikiwa ni ACM ongeza `-Dgnu.io.rxtx.SerialPorts=/dev/ttyACM0`. Na mtumiaji awe kwenye kundi la dialout (lenye ruhusa ya poti).

(c) ni mazingira. Uliandika LD_LIBRARY_PATH ndani ya .bashrc (mipangilio ya teminali yako), sivyo? Java ya Linux inaingiza LD_LIBRARY_PATH kwenye orodha yake, ndiyo sababu teminali inakubali. Systemd haisomi .bashrc ya mtu. Sudo nayo kwa kawaida inaifuta.

#27 mama_seva
Sidhani ni LD_LIBRARY_PATH. Nadhani ndani ya faili la sevisi ExecStart (mstari wa amri ya kuwasha) bado ni /opt/jdk-17/bin/java. Mashine ina Java mbili: wewe ukiandika java unapata ya Ubuntu, systemd inaamsha ile ya flashi. Tuletee `systemctl cat mizani`.

#28 kijana_unilu
Kwa nini tusiachane na RXTX? jSerialComm ina maktaba za C za kila mfumo ndani ya .jar, inazitoa yenyewe. Hakuna njia ya kuandika.

#29 yaya_ruashi
Inazitoa wapi? Kwenye folda ya muda. Seva zilizofungwa vizuri zina /tmp ya noexec (isiyoruhusu kuendesha kitu), na hapo unapata "failed to map segment from shared object" ukabaki unashangaa. Inatibika kwa kumwelekeza folda nyingine, ila usimwambie mtu hakuna njia ya kuandika.

Halafu amri zake si zile za gnu.io, na ndugu hana msimbo. Kilicho karibu naye ni nrjavaserial: ilitokana na RXTX, pakiti bado ni gnu.io, na maktaba zake zimo ndani ya jar.

#30 kadutu_boy
Kama RXTXcomm (upande wa Java wa RXTX) imefungwa ndani ya jar ya mizani mtaitoaje? Zip, futa, funga tena? Mimi ningefanya hivyo, lakini mtanisema.

#31 mama_seva
Safari hii sikusemi, fungua nakala tu, si yenyewe. Na kwa onyo la (a): apt imeweka RXTXcomm.jar inayolingana ndani ya /usr/share/java. Ukiitanguliza kwenye classpath (orodha ya jar ambamo Java inatafuta madarasa) na kuanzisha darasa kuu kwa jina badala ya -jar, ya ndani haitaguswa. Ukitumia -jar, classpath unayoandika inapuuzwa.

#32 nyoka_wa_himbi
Mistari kumi, nilisema.

#33 mizani_lshi
Mama, ExecStart ilikuwa kweli /opt/jdk-17. Nimeibadilisha. Na LD_LIBRARY_PATH ilikuwamo kwenye .bashrc pia, nikaitoa palepale, kwa hiyo sijui ni nani kati yenu wawili alipatia. Sasa sevisi inaamka na kupima. Ila ikishapima malori kadhaa Java nzima inaanguka, inaacha faili la hs_err_pid (ripoti ya ajali ya Java).

#34 fundi_ndosho
Rudisha moja tujue!

#35 mizani_lshi
Fundi, nikirudisha moja malori yatapiga honi mpaka Kasumbalesa.

#36 mama_seva
Kuanguka ni lile onyo la (a). Jar na maktaba haviongei lugha moja, mmoja anatuma kitu mwenzake hakitarajii. Java haiwezi kukamata kosa la C kwa try/catch, mashine yote ya Java inakufa.

#37 yaya_ruashi
Au adapta ya USB inachomoka kwa sekunde moja lori likitikisa kibanda. RXTX haipendi poti kutoweka ikiwa wazi. Angalia `dmesg` saa ileile ya kuanguka, utaona ttyUSB0 imekatika na kurudi, pengine ikarudi kwa jina la ttyUSB1.

#38 kadutu_boy
Au mlinzi anachomoa adapta achaji simu.

#39 seva_ya_nguba
Msicheke, Bukavu hiyo ndiyo ilikuwa sababu kwenye kaunta ya duka moja Nyawera.

#40 yaya_ruashi
@mizani_lshi fungua hs_err_pid, tafuta "Problematic frame", ulete mistari ya hapo chini. Ikitaja librxtxSerial.so tunaendelea na mama_seva na mimi. Ikitaja libjvm.so tunaanza upya.

#41 mgeni_goma
Wakubwa, add_dll_directory nimeweka, runtime nimeweka, na DLL nimeikuta karantini. Nimeitoa, sasa inasoma vidole. Vyote vitatu nimefanya kabla ya kujaribu tena.

#42 kadutu_boy
Soda mbili.

#43 mizani_lshi
@yaya_ruashi ni librxtxSerial.so+0x… na dmesg nayo inaonyesha USB imekatika, ila dakika kadhaa kabla ya Java kuanguka. Naziweka zote mbili hapa jioni, saa hii lori limepanda.